Hatujaandamana hata siku moja

Kila ikiingia Juni, simu za watu wa Unguja hujaa klipu za maandamano ya mashoga ya London, Madrid na New York. Hakuna anayeziomba. Zinaingia zenyewe kwenye magrupu, baina ya tangazo la maziko na nauli mpya ya boti, na karibu zote zimechaguliwa kwa namna moja: mwanamme aliyevaa chupi na mbawa, wawili wanaobusiana mbele ya kamera, muziki mkubwa, bendera ya rangi sita. Chini yake mtu huandika, "Haya ndiyo tunayoletewa." Jioni barazani hutoka hoja ambayo nimeisikia kwa wakali na kwa wapole sawasawa: wangejinyamazia, nani angewagusa? Kwani zamani hawakuwepo? Walikuwepo, tukila nao na tukizikana nao. Maandamano ndiyo yaliyowaharibia.

Nataka kuijibu hoja hii kwa urefu, maana wanaoisema ni watu ninaowapenda, na sehemu yake ni kweli.

Ni kweli walikuwepo. Nimekulia Miembeni, na katika harusi za mtaa wetu hakukosekana mwanamme mmoja au wawili waliokaa upande wa ndani na kina mama, wakipamba bibi harusi, wakitunza kwenye taarabu, wakijua siri za kila nyumba na kuzihifadhi. Watoto tulijua. Watu wazima walijua zaidi. Alipofariki mmoja wao aliswaliwa msikitini kama maiti mwengine yeyote, na safu zilijaa mpaka nje. Hii tunaiita stara, na mimi siidharau hata kidogo. Nimefundishwa chuoni kwamba aibu ya mwenzio ukiiona uifunike, na Suratul Hujurat, aya ya 12, inawakataza waumini kupelelezana. Mtu aliyelelewa hivyo akiona watu wanatembea barabarani na mabango yanayotaja mambo ya chumbani, anahisi kitu kimevunjwa, hata kama moyoni hana chuki na mtu. Simlaumu kwa kuhisi hivyo.

Lakini tuzitazame tarehe zetu wenyewe.

Aprili 2004 Baraza la Wawakilishi lilipitisha mabadiliko ya sheria ya adhabu ya Zanzibar. Sheria iliyotokana nayo ikawataja wanawake pia, na ikafanya kuwa kosa hata watu wawili wa jinsia moja kuishi pamoja kama mume na mke. Nani alikuwa ameandamana Zanzibar kabla ya hapo? Hakuna.

Septemba 2006 Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, aliyezaliwa hapa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, angetimiza miaka 60. Ilipangwa sherehe ya ufukweni ya kumkumbuka. Jumuiya ya Uamsho, kikundi cha Kiislamu cha hapa kwetu, ikaipinga, kwa hoja kwamba itawavuta mashoga na kuuchafua Uislamu wa visiwa hivi, na sherehe ikafutwa. Tunazungumza habari za mtu aliyekufa mwaka 1991. Jumba la makumbusho yake lilifunguliwa Shangani mwaka 2019, wageni wanalipa na kuingia, na mji unaendelea na shughuli zake kama kawaida.

Septemba 2017 polisi waliingia katika hoteli moja hapa Zanzibar na kukamata watu 20, wanawake 12 na wanaume 8, waliokuwa kwenye mafunzo ya mambo ya Ukimwi. Novemba 2018, siku chache baada ya Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo kutangaza kamati ya kuwasaka mashoga, wanaume 10 walikamatwa Pongwe, pwani ya mashariki ya Unguja. Amnesty International ilieleza kwamba polisi walipelekewa taarifa na raia.

Mafunzo ndani ya ukumbi wa hoteli. Wanaume wamekaa pwani mbali na mji. Siku ya kuzaliwa ya marehemu. Hakuna bango hata moja katika mambo hayo matatu, hakuna aliyetembea barabarani, hakuna aliyedai chochote kwa mtu. Walikuwa wamejinyamazia kama baraza linavyotaka, na bado wakafuatwa. Waliovunja stara ni waliokwenda kusema kwa polisi, watu wenye akili zao, na nadhani wengi wao wameisoma aya ile ile niliyoisoma mimi.

Kwa hiyo kwamba maandamano ndiyo yanayoleta chuki, Zanzibar haiwezi kuwa ushahidi wake. Hatujaandamana hata siku moja.

Niongeze jambo ninalolijua kwa kazi. Nimekuwa mshauri nasaha wa VVU kwa muda mrefu, na nimeona ukimya unavyofanya kazi ndani ya chumba cha kupimia. Utafiti uliofanyika Unguja mwaka 2007 uliwakuta takriban 12 katika kila 100 ya wanaume wanaolala na wanaume wana VVU, wakati kwa wananchi wote wa Zanzibar kiwango hakifiki hata mmoja katika 100. Tofauti kubwa namna hiyo haiji kwa bahati mbaya. Inakuja mtu anapokaa mbele yako, unamuuliza habari za wapenzi wake, anakutazama usoni na kukutajia mke asiyekuwepo, kwa sababu anamjua dada wa mapokezi na anaijua shehia yake. Unampa ushauri wa mtu mwengine kabisa na anaondoka nao. Bara, Februari 2017, Wizara ya Afya ilivizuia vituo 40 visiendelee na huduma za Ukimwi kwa mashoga. Huku kwetu afya ina wizara yake, lakini hofu haina mpaka wa bahari. Mwaka ule kuna watu niliozoea kuwaona kila baada ya miezi na sikuwaona tena. Baadhi yao sijui walikwenda wapi. Wengine najua, kwa sababu nilikwenda kuhani.

Ndiyo maana nikisikia "wangejinyamazia" moyo hunifunga. Najua ukimya ule una maiti ndani yake.

Basi je, maandamano yanasaidia? Hapa ndipo ninapoachana na baadhi ya marafiki zangu wa nje, ambao wanaona jibu liko wazi.

Mzozo wenyewe ulianza na walioandamana kwanza. Tangu 1965 hadi 1969, kila tarehe 4 Julai, kikundi kidogo kilizunguka na mabango mbele ya Independence Hall mjini Philadelphia, wanaume kwa suti na tai, wanawake kwa magauni. Frank Kameny, mtaalamu wa nyota aliyefukuzwa kazi serikalini kwa sababu ya ushoga, ndiye aliyesimamia masharti hayo: anayedai ajira aonekane anaajirika. Mwaka 1969, siku chache baada ya polisi kuvamia Stonewall, baa ya mashoga huko New York, na watu kupambana nao, wanawake wawili walishikana mikono katika mzunguko ule na Kameny akawatenganisha. Mwenzake, Craig Rodwell, alikasirika. Novemba ya mwaka huo huo yeye na wenziwe wakapendekeza maandamano ya kila mwaka New York yasiyo na masharti ya mavazi, na ya kwanza yakafanyika tarehe 28 Juni 1970. Klipu zetu za Juni chimbuko lake ni hapo. Mashoga wenyewe, basi, walibishana kama ni bora kuonekana watu wa heshima au kuonekana walivyo, na mpaka leo wanabishana.

Ninaloliona lina uzito zaidi kwetu ni la Afrika Kusini. Johannesburg iliandamana mara ya kwanza Oktoba 1990. Baadhi ya waandamanaji walivaa mifuko ya karatasi vichwani, yenye matundu ya macho, wasije wakatambuliwa na ndugu au waajiri wao. Mmoja wa waliotangulia mbele alikuwa Simon Nkoli, kijana Mwafrika aliyekaa gerezani miaka ya 1980 akishtakiwa kwa uhaini katika kesi ya Delmas, pamoja na viongozi wa mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi. Humo gerezani ndimo alimowaambia wenzake kwamba yeye ni shoga. Ulizuka mzozo mkubwa baina yao. Wengine hawakutaka hata washitakiwe pamoja naye. Lakini walikuwa ndani, wakila naye na wakilala naye chumba kimoja, na kesi ni ya wote. Mosiuoa Lekota, mmoja wa washitakiwa wale na baadaye waziri, alikuja kueleza kwamba kumjua Simon ndiko kulikowafanya wasiweze kuwaacha watu kama yeye nje ya katiba. Katiba ya 1996 ikakataza ubaguzi kwa sababu ya mwelekeo wa kijinsia, na mwaka 2006 ndoa zao zikaruhusiwa kisheria.

Angalia mpangilio wake. Kwanza gereza, yaani ukaribu wa lazima na watu ambao tayari walikuwa na deni la kumlinda. Maandamano yakafuata, kisha katiba. Maandamano ya 1990 yalifanya kazi kwa sababu ndani ya chumba cha kuandikia sheria mpya mlikuwa na watu wanaomjua aliyetangulia mbele.

Na hata hivyo hayakutosha. Mwaka 2008 Eudy Simelane, msagaji aliyewahi kuichezea timu ya taifa ya wanawake, Banyana Banyana, alibakwa na kuuawa karibu na kwao KwaThema. Katika maandamano ya Johannesburg ya 2012 kikundi cha wanawake kililala barabarani na kuomba dakika moja ya ukimya kwa ajili ya wasagaji waliouawa kwenye vitongoji, na baadhi ya waandalizi wakagombana nao ili magari ya muziki yapite. Nilipoisoma habari hiyo nililia kwa hasira. Sherehe ilikuwa imewasahau waliokuwa wakifa karibu yake.

Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, ndiyo iliyonisaidia kuelewa. Ni mji wenye Waislamu wengi na misikiti ya karne nyingi, na watu wake wanajali aibu ya ukoo kama sisi. Waliandamana mara ya kwanza tarehe 8 Septemba 2019, polisi wengi wakiwalinda. Watafiti watatu, Phillip Ayoub, Douglas Page na Sam Whitt, walipima maoni ya watu kabla na baada. Ndani ya Sarajevo uungaji mkono wa harakati zao uliongezeka. Kwengineko nchini humo haukuongezeka.

Nimelitafakari sana jibu hilo. Nadhani waliokuwa katika mji ule walimwona mwalimu wa mtoto wao akipita, wakamwona muuza duka, wakaona na mama mtu mzima aliyemshika mwanawe mkono. Wa mbali waliona taarifa ya habari. Tukio ni hilo hilo moja, likamfanya huyu alainike na yule abaki pale pale. Ninachoamini sasa ni kwamba maandamano humsogeza yule anayeweza kuona uso anaoujua ndani yake. Asiyeona uso huo huona kundi, na kundi la watu usiowajua ni rahisi sana kulichukia. Sisi Wazanzibari ni watu wa mbali kuliko wote: tunapata klipu iliyokatwa na mtu ambaye ameshaamua tuone nini.

Limetokea ndani ya ukoo wetu pia. Ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo, tuliyelala kitanda kimoja utotoni, aliondoka Unguja akiwa kijana na anafanya kazi jikoni katika hoteli ya Afrika Kusini. Mwaka mmoja alituma kwenye grupu la ukoo picha yake akiwa kwenye maandamano. Hakuvaa mbawa. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na kofia ya kiua aliyoshonewa na marehemu bibi, na pembeni yake mwanamme mmoja amemwekea mkono begani. Mjomba wa Wete alikuwa wa kwanza kujibu, na kilichomuuma kuliko vyote ni ile kofia. Kisha akatoka kwenye grupu, na mpaka leo hapokei simu ya kijana yule. Wengine walinyamaza siku nzima.

Mama mdogo aliniita nyumbani nimkuzie picha. Aliitazama muda mrefu. Hakuuliza habari za bendera. Aliniuliza, "Huyu aliyemshika bega ni nani?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Muulize. Kama ni mtu anayekaa na mwanangu, nataka kujua kwao wapi." Sasa kila simu ikimalizika anamsalimia yule mtu kwa jina. Sisemi amekubali, anaswali akimwombea mwanawe aoe. Lakini anamsalimia, na sikukuu humtumia na yeye salamu za mkono wa Idi.

Picha moja. Mama aliyemzaa alimwona mtoto wake na mwenzake. Mjomba, ambaye mara ya mwisho kumwona alikuwa na miaka kumi, aliona maandamano.

Gharama ya picha ile aliilipa mtu mwengine kabisa. Iliruka kutoka grupu la ukoo hadi grupu la mtaa, na mtaani yupo fundi cherehani aliyesoma skuli moja na ndugu yangu, mtu mpole asiyemgusa mtu, anayeishi kwa stara ile ile tunayoisifu. Hajaandamana popote. Vijana wakaanza kumtajia jina la ndugu yangu akipita. Wateja wakapungua, na mwenye nyumba akamtaka atoe cherehani zake kabla ya mwezi kwisha, bila ya kumweleza kosa.

Nilimpelekea ndugu yangu ujumbe wa sauti nikiwa nimekasirika. Nilimwambia wewe una katiba na polisi wa kukulinda, huyu ana mimi na mama yako tu. Akanijibu: "Dada, picha yangu haikumwandikia barua ya kuhama. Aliyeiandika unamjua, unapita mbele ya nyumba yake kila siku. Umekwenda kumuuliza?" Sikuwa nimekwenda. Siku ya pili tulikwenda, mimi na mama mdogo, tukamkuta, tukamwambia anachofanya ni dhulma na kwamba fundi hajawahi kuchelewesha kodi. Alitusikiliza kwa adabu na hakubadilisha neno. Lakini alijua kuna watu wazima wawili wa mtaa huu waliolitamka jambo lile mbele yake kwa sauti ya kawaida, mchana. Naamini hakuwahi kulisikia hivyo kabla.

Msimamo wangu, basi, ndio huu. Siombi maandamano Mnazi Mmoja, na mgeni yeyote atakayekuja kuyapanga hapa atakuwa anachezea roho za watu ambao yeye akishapanda ndege watabaki. Waganda waliamua wenyewe kuandamana Entebbe mwaka 2012 na nawaheshimu kwa hilo. Mwaka 2016 polisi waliwavamia Kampala, na mwaka 2023 ikaja sheria yenye adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Hesabu ya ujasiri aifanye atakayelipa mwenyewe. Wakati huo huo nakataa katakata kumwambia ndugu yangu aache kutembea huko aliko, au kuwaambia vijana wa Johannesburg wavae suti ili sisi tusikasirike na klipu. Mtu wa kwanza aliyevaa mfuko wa karatasi na kutoka nyumbani alikuwa anajitafutia haki ya kuuvua, na hiyo siwezi kumnyima kwa ajili ya starehe ya barazani kwetu.

Mambo yanayotuhusu sisi yako karibu zaidi. Liko la sheria ya 2004 na zilizofuata, ambayo inamfanya mpeleka habari awe raia mwema. Iko siri ya chumba cha kupimia, kwamba jina la mtu lisitoke mlangoni kabla yake mwenyewe. Na liko la ndugu, ambalo halihitaji Baraza la Wawakilishi: klipu inapoingia kwenye grupu na watu wanaanza kutukana, mmoja aandike kwamba katika ukoo huu tunaye, tunampenda, na lugha hiyo isitumike hapa. Nimeanza kufanya hivyo. Wawili wameacha kunisalimia. Mmoja, binamu yetu wa Chake Chake ambaye sikumtarajia kabisa, aliniandikia pembeni kuniuliza kama naweza kuzungumza na mwanawe.

Fundi nilimuuliza yeye mwenyewe anaonaje. Amepata chumba sehemu nyengine, kidogo kuliko cha mwanzo, karibu na kituo cha daladala. Aliniambia maandamano hayataki na hajawahi kuyaota. Anachotaka ni mkataba wa pango ulioandikwa, wenye jina lake, ili siku nyengine mwenye nyumba alazimike kutaja sababu. Ijumaa ijayo tunakwenda pamoja kwa sheha kuuandikisha, na mama mdogo amesema atakuja kuwa shahidi.